Walenga Mabomu wa Texas na Vitabu Vyao vya Kozi

Vijana wawili wako juu ya kiunzi cha chuma chenye magurudumu, ndani ya hanga la ndege. Mota ya umeme inakisukuma kiunzi polepole. Mmoja ameinamia darubini ya kulengea, mikono yote miwili iko kwenye vifundo, hasemi neno. Chini yao sakafuni kinatambaa kikasha kidogo ambacho wenyewe walikiita mdudu. Kiunzi ndiyo ndege, mdudu ndiyo kiwanda cha adui, na saruji ya hanga ndiyo Ujerumani. Kijana akiweza kumshika mdudu kwenye msalaba wa darubini bila kumwachia, amepata alama. Akimkosa, wanarudisha kiunzi ukutani, wanaanza upya.

Ndivyo jeshi la anga la Marekani lilivyowafundisha walenga mabomu wake wakati wa Vita Kuu ya Pili, kabla ya kuwapandisha ndege ya kweli. Zaidi ya vijana 45,000 walipita katika mafunzo hayo. Wengi wao waliondoka na kitu kimoja mkononi ambacho leo kimekuwa hazina: kitabu cha kozi yao.

Aliyesoma shule ya bweni atakielewa kitabu hicho bila maelezo marefu. Ni ndugu wa yale madaftari ya kuagana tuliyokuwa tukipitishiana wiki za mwisho za kidato cha nne, kila mtu akiandika jina, anwani na maneno mawili ya kumkumbuka. Tofauti ni kwamba hiki kilichapwa kiwandani na kina baraka za kambi. Kwanza anakuja kamanda kwa picha yake rasmi na salamu zake. Kisha wakufunzi. Kisha, ukurasa baada ya ukurasa, vijana wenyewe kwa safu, kila sura na jina lake na mji alikotoka. Kisha picha za bwalo, kwata, mazoezi ya viungo, ndege zilizopangwa kwenye lami, katuni za kuwatania wakufunzi, na mwishoni nafasi tupu za kusainiana. Kozi zilitambulika kwa mwaka na namba, kwa hiyo 43-10 ni kozi ya kumi ya mwaka 1943.

Navipenda vitabu hivi, na ndiyo maana nasema kwamba vinasomwa vibaya. Wajukuu wanaviweka mtandaoni, wakusanyaji wanaviuza, na wote tunavitazama kama dirisha la kuuona ukweli wa mafunzo. Dirisha lipo, lakini aliyelikata ukutani ndiye aliyechagua upande wa kutazama. Msema pweke hakosi, na katika kitabu cha kozi anayesema ni kambi peke yake. Tukitaka kujua vijana hawa walifundishwa nini hasa, tukisome kitabu pamoja na karatasi nyingine ambazo kambi hiyo hiyo iliziandika na haikuzibandika humo.

Tuanze na mahali penyewe. Shule za walenga mabomu zilirundikwa kusini-magharibi mwa Marekani: Midland, Big Spring, Childress na San Angelo katika jimbo la Texas; Roswell, Carlsbad, Deming na Albuquerque huko New Mexico; Victorville huko California. Sababu ni rahisi. Kule anga ni jeupe karibu mwaka mzima, ardhi ni tambarare, watu ni wachache. Mwanafunzi anaona shabaha yake kutoka mbali kama mtu anavyoona chungu katikati ya uwanja uliofagiliwa. Shabaha zilikuwa miduara iliyochorwa ardhini, mmoja ndani ya mwingine, na katikati kibanda cha mbao. Kupiga katikati kabisa kuliitwa kupiga kibanda, na msemo huo uliwafuata hadi vitani.

Ndege waliyojifunzia ilikuwa AT-11, yenye injini mbili na pua ya kioo, na 9 kati ya 10 ya walenga mabomu hao walijifunza juu yake. Bomu la mazoezi lilikuwa gamba la bati lenye uzito wa kilo 45 hivi, limejazwa mchanga, na baruti kidogo ili litoe moshi likitua. Kozi ilichukua wiki 12 hadi 18. Kila kijana aliangusha mabomu zaidi ya 100, mchana na usiku, na kila moja liliandikwa: limeangukia wapi, umbali gani kutoka kibandani. Wastani wa makosa yake ndio uliokuwa hatima yake. Asilimia 12 walichujwa.

Hapa ndipo karatasi mbili zinapoachana. Kumbukumbu za alama zinamweleza kijana kwa umbali aliokosa, kitabu cha kozi kinamweleza kwa sura yake akitabasamu. Moja ilibaki kwenye kabati la kambi, nyingine ilikwenda kwa mama yake. Sisemi kwamba kambi ilifanya hila. Hakuna shule inayobandika matokeo ya majaribio kwenye picha ya mahafali. Lakini miaka 80 baadaye sisi tumebaki na picha ya mahafali, na tunaitumia kujibu swali la alama.

Darubini yenyewe inastahili kukaliwa kidogo, maana ndiyo iliyokuwa dini ya shule hizi. Ilibuniwa na Carl Norden, mhandisi Mholanzi aliyezaliwa Semarang, kisiwani Java, mwaka 1880, akahamia Marekani mwaka 1904. Ndani yake kulikuwa na jairoskopu za kuituliza na mashine ya kukokotoa kwa gia na magurudumu. Mlengaji aliilisha urefu wa ndege, kasi yake na aina ya bomu. Kisha, jicho kwenye lenzi, alizungusha kifundo kimoja kufidia upepo unaoisukuma ndege pembeni, na kingine kufidia kasi ya ardhi inayopita chini. Msalaba ukitulia juu ya shabaha bila kuteleza, hesabu imekamilika. Darubini iliunganishwa na mtambo wa kuiongoza ndege, kwa hiyo katika dakika hizo za mwisho kijana wa miaka 21 ndiye aliyeirusha ndege kwa vifundo vyake huku rubani akitulia. Na mabomu yalijiachia yenyewe, kwa sekunde ambayo mashine imeichagua.

Ipime kazi hiyo. Kutoka mita 7,600 bomu huchukua kama sekunde 40 kufika chini, na katika sekunde hizo linasonga mbele zaidi ya kilomita 3. Ndege inakwenda karibu mita 100 kwa sekunde. Ukichelewa sekunde moja tu, umeikosa shabaha kwa urefu wa uwanja wa mpira.

Kabla ya kuigusa darubini hiyo, kijana alikula kiapo. Aliapa mbele ya Mungu kuilinda siri yake, ikibidi kwa uhai wake. Darubini ilitolewa kwenye chumba chenye kufuli ikiwa imefunikwa turubai, ikasindikizwa hadi kwenye ndege na askari mwenye silaha, ikarudishwa hivyo hivyo. Nikiwatazama vijana hawa kwenye safu zao kitabuni nawaona wameubeba ule uzito, kama watu waliokabidhiwa funguo za nchi. Na hawakujua kwamba kufuli lilishavunjwa. Herman Lang, mkaguzi katika kiwanda cha Norden jijini New York, alikuwa amewapa Wajerumani michoro ya darubini hiyo kabla hata vita havijaanza. Alikamatwa mwaka 1941 katika mtandao wa wapelelezi wa Ujerumani ulioitwa wa Duquesne, watu 33, wote wakahukumiwa. Shule za Texas ziliendelea kuapisha kozi baada ya kozi.

Kwa nini kiapo kiliendelea? Kwa maoni yangu, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa ndani ya kijana mwenyewe. Kiapo kilimwambia kwamba alichokishika hakikosei, na kwamba kosa likitokea ni la mkono wake. Wengi wao hawakuwa wamepanga kuwa hapo. Vijana walioomba kurusha ndege walipangwa kwa mitihani, wengine wakawa marubani, wengine wanahewa wa kusoma ramani, wengine walenga mabomu. Wapo waliofika Midland wakiwa wameshachujwa kwenye urubani. Kitabu cha kozi kiliwapa fahari mpya mahali pa ile waliyoipoteza, na fahari hiyo ilikuwa ya kweli kwao, sina sababu ya kuidharau. Louis Zamperini, mwanariadha aliyekimbia mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, alihitimu Midland mwaka 1942. Mei 1943 ndege yake ilianguka Bahari ya Pasifiki, akaelea kwenye mtumbwi wa mpira siku 47, kisha akaangukia mikononi mwa Wajapani. Kitabu cha kozi hakina habari ya lolote kati ya hayo. Kinaishia siku ya kuvishwa beji ya mabawa ya mhitimu.

Kuna usiku mmoja unaoonyesha jinsi pengo lilivyokuwa pana kati ya mduara wa jangwani na dunia. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Julai 1943, ndege ya mabomu aina ya B-17 iliondoka kambi ya Dalhart, Texas, kwa zoezi la kuangusha mabomu gizani. Shabaha yao ilikuwa na taa nne, karibu na kijiji cha Conlen. Walipotea njia wakafika juu ya Boise City, mji mdogo katika jimbo la Oklahoma. Uwanja wa mahakama ya mji huo ulikuwa nao na taa zake nne. Walizunguka, wakaangusha bomu, wakazunguka tena, wakaangusha jingine, mpaka yakafika sita. Moja liliangukia gereji, jingine karibu na kanisa. Mfanyakazi wa umeme akauzima mji mzima, na giza likawaokoa. Hakuna aliyekufa, kwa sababu ndani ya mabomu mlikuwa na mchanga. Hawa hawakuwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Walikuwa wanakamilisha mafunzo ya kikosi kabla ya kwenda ng'ambo.

Na huko ng'ambo walikuta mawingu. Ulaya ya kaskazini haina anga la Texas. Chini kulikuwa na mizinga ya kutungulia ndege, pembeni ndege za adui, na moshi uliotandazwa makusudi kuficha viwanda. Darubini iliyohitaji kuona shabaha ikakuta hakuna cha kuona. Tarehe 14 Oktoba 1943, juu ya mji wa Schweinfurt, Ujerumani, zilianguka ndege 60 za B-17 kwa siku moja, kila moja na watu kumi.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kila msomaji wa vitabu vya kozi akijue. Jeshi liliacha kumtegemea kila mlengaji. Ndege ziliruka kwa kundi lililobanana, mlengaji wa ndege ya mbele akalenga kwa niaba ya wote, na wengine wakatazama ndege yake: mabomu yake yakitoka, nawe bonyeza. Baadaye ndege nyingi hazikubeba hata darubini ya Norden. Kazi ya kubonyeza ilipewa askari wa kawaida ambaye hakuwahi kupita Midland wala kula kiapo. Ustadi uliomgharimu kijana miezi kadhaa ya kupimwa na mabomu zaidi ya 100 ya mchanga ukabaki kuwa kidole kinachosubiri.

Vita vilipokwisha Marekani ilijikagua yenyewe. Tume yake ya kupima matokeo ya mashambulizi ya mabomu ilikuta kwamba kati ya mabomu yaliyoelekezwa kwenye shabaha mahususi Ujerumani, asilimia 20 tu hivi yaliangukia ndani ya mita 300 kutoka mahali palipolengwa. Mduara wa mita 300 si kibanda cha mbao. Ni eneo la viwanja 40 vya mpira. Mambo yalikuwa bora mwishoni, yakafika asilimia 70 mwezi Februari 1945, lakini hesabu ya jumla ndiyo hiyo: manne kati ya matano yalikwenda kwingine. Na kwingine, katika mji, ni nyumba ya mtu.

Upande wa Japani hata madai ya kulenga yaliwekwa kando. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, ndege kubwa za mabomu aina ya B-29 zilishuka chini na kumwaga mabomu ya moto juu ya Tokyo. Wanakadiriwa watu 100,000 walikufa usiku huo mmoja. Kilichochomwa ni mitaa. Miezi mitano baadaye, Thomas Ferebee, mlengaji wa ndege iliyobeba bomu la atomiki, alilenga daraja lenye umbo la herufi T mjini Hiroshima, na bomu lake likapasuka kiasi cha mita 240 kutoka daraja hilo. Kwa kipimo cha shule ya Texas hilo ni kosa. Kwa wenyeji wa Hiroshima mita 240 hazikuwa na maana yoyote.

Katika kurasa za vitabu hivi jangwa halina watu. Kibanda cha katikati hakina mlango unaofunguka. Howard Zinn, aliyekuja kuwa mwanahistoria, alikuwa mlenga mabomu wa B-17, na Aprili 1945, wiki tatu kabla ya vita kwisha Ulaya, alishiriki kuangusha napalmu, mafuta mazito ya moto, juu ya mji wa Royan, Ufaransa. Baadaye aliandika kwamba kutoka kule juu hakuona watu wala hakusikia vilio. Alirudi Royan miaka ya 1960 kwa miguu yake, akaongea na waliokuwa chini. Sijui ushuhuda mwingine unaostahili zaidi kuwekwa kando ya kitabu cha kozi. Hakuwa akijisafisha. Alikuwa anakamilisha mafunzo ambayo hakupewa.

Jambo jingine la kulitazama ni rangi. Kwa sehemu kubwa ya vita, sura zinazofuatana kwenye kurasa hizo ni za vijana weupe, kwa sababu jeshi lilitenganisha watu. Kikosi cha mabomu cha Wamarekani weusi, cha 477, kiliundwa Januari 1944, na vita vikaisha hakijapelekwa popote. Aprili 1945, kwenye kambi ya Freeman Field huko Indiana, maofisa wake waliingia klabu ya maofisa waliyokatazwa. Walipotakiwa kutia saini amri ya ubaguzi, 101 walikataa, wakawekwa chini ya ulinzi. Coleman Young, aliyekuja kuwa meya wa kwanza mweusi wa Detroit, alikuwa mmoja wa walenga mabomu wa kikosi hicho. Weka safu hizo za nyuso ubavuni mwa majina hayo 101, uone darasa lilivyochaguliwa.

Pamoja na yote hayo, nisieleweke kwamba vitabu hivi vitupwe. Kinyume chake. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza ghala la kumbukumbu za wanajeshi mjini St. Louis. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea, yakiwemo asilimia 80 ya yale ya jeshi la nchi kavu kwa waliotoka jeshini kati ya 1912 na 1960, na walenga mabomu wa vita hivyo walikuwa chini ya jeshi hilo. Kwa familia nyingi kitabu kilichochapwa kwa furaha ya mahafali ndicho kilichobaki kusema: mtu huyu alikuwepo, katika kambi hii, mwaka huu, na wenzake ni hawa. Na wapo ambao hawakufika hata vitani. Takribani watu 15,000 wa jeshi la anga walikufa kwa ajali ndani ya Marekani kwenyewe wakati wa vita. Kwa aliyekufa wiki chache baada ya kuhitimu, picha ile ya kitabuni huenda ndiyo ya mwisho akiwa amevaa sare.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuliona hili kwa uchungu. Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina maandishi ya Kiswahili yanayoahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu nzima. Hakuna jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba maaskari na wapagazi wasiopungua 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao Waafrika, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, na huenda ni wengi zaidi ya hapo. Babu zetu hawakupewa kitabu chenye picha na mji wa nyumbani. Ndiyo maana sikubali mtu anayeviita vitabu vya Midland na Roswell takataka za propaganda. Jina lililoandikwa chini ya sura ni kitu kikubwa, anajua aliyekikosa.

Ninachoomba kwa makumbusho na familia zinazovitunza ni kidogo. Wanapoviweka hadharani, waweke pamoja navyo alama za mabomu pale zilipopatikana, orodha ya misheni, na picha za miji iliyokuwa chini. Anayefungua ukurasa wa Carlsbad au Deming aweze kuifuata sura moja kutoka kwenye kiunzi cha hanga hadi mahali ambapo mabomu yake yaliangukia.

Shabaha zenyewe bado zipo. Jangwani New Mexico miduara kadhaa inaonekana hadi leo kwenye picha za setilaiti, imefifia, nyasi zimeota kwa namna tofauti pale chokaa na moshi vilipokuwa. Watu wanaopita huko bado huokota magamba ya bati yenye kutu. Ukilipasua moja, mchanga unaomwagika ni wa Vita Kuu ya Pili.